Balbu za LED kwenye taa za halojeni: fundi mzuri, bidhaa ya kutiliwa shaka

Seti ya balbu za LED za aina ya H4 ninayoitathmini hapa ilinunuliwa na kufungwa katika duka moja la vipuri mjini Unguja, kwenye Toyota Vitz iliyoingia kutoka Japani na taa zake za halojeni. Kazi ya fundi ilikuwa safi: hakukata waya wowote, plagi ilikaa mahali pake, na balbu za zamani alizirudisha zikiwa zimefungwa katika karatasi, jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi mpaka waambiwe.

Mwanga wake ni mweupe na unavutia mbele ya ukuta wa duka, lakini ukuta huo si barabara ya Bububu usiku. Balbu ya halojeni ya H4 ina nyuzi mbili, mmoja wa wati 60 kwa ful (mwanga wa mbali) na mwengine wa wati 55 kwa dimu (mwanga wa karibu), na chini ya uzi wa dimu pana kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande. Kioo cha ndani ya taa kimepindwa kwa kufuata mahali hasa ulipo uzi huo, kwa hiyo chipu za LED, yaani vipande vidogo vinavyotoa mwanga badala ya uzi, zikihama hata kwa milimita chache, mwanga hutawanyika. Kwa seti hii, ukiweka dimu makuti ya minazi ya kando yanang'aa, na mpanda baiskeli unayepishana naye anafunika macho kwa mkono.

Mkaguzi makini wa magari hatazami ukali wa mwanga pekee; hutazama pia unakomea wapi. Kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, mstari wa dimu unatakiwa uwe chini upande wa kulia, anakotokea mwenzio, na unyanyuke kidogo kushoto ili waonekane wanaotembea ukingoni. Magari ya Japani huja na mpangilio huo tayari, na seti hii iliufuta. Huko Japani kwenyewe, magari yaliyotengenezwa tangu Septemba 1998 hupimwa kwa dimu, na kila taa hutakiwa kufikia kandela 6,400 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga). Uingereza, tangu 2021, huiangusha katika ukaguzi gari ambayo taa zake za halojeni zimegeuzwa kutumia balbu za zenoni, yaani za gesi zisizo na uzi. Ujerumani iliziruhusu balbu za LED za Osram mwaka 2020, ila kwa aina za magari zilizoorodheshwa tu. Boksi la seti hii limeandikwa kuwa inafaa magari yote, dai ambalo kwa taa haliwezi kuwa kweli.

Hatimaye fundi yule yule alirejesha halojeni za wati 60/55, akasugua plastiki za mbele ya taa zilizokuwa zimepata umanjano kwa jua, akakaza skrubu za kuelekeza taa, na tofauti ilionekana hapo hapo. Duka ningelipendekeza kwa kazi hiyo peke yake. Anayeitaka LED hasa anunue taa nzima iliyoundwa kwa LED na kwa uendeshaji wa kushoto, tena awaulize wakaguzi kabla hajatoa fedha.