Semina ya mbinguni pale Mwanga, Kigoma: elfu kumi na tano ilienda kihalali, ila kuna mambo warekebishe

Naanza na jibu kabisa maana najua wengine hamtasoma mpaka chini: nendeni. Ikirudi tena Kigoma mjini au wakiipeleka Kasulu kama walivyosema, lipa uende, uwe Mkatoliki, Mwanglikana, Msabato au mlokole wa kunena kwa lugha. Walioandaa siwataji kwasababu nina malalamiko yangu na sitaki ugomvi na mtu, ila waliokuwepo mnajijua, ilikuwa ijumaa jioni na jumamosi kutwa kwenye ukumbi kule Mwanga na mabango yalibandikwa mpaka stendi yakiuliza tunaokolewa ili twende wapi.

Kiingilio elfu kumi na tano, ndani yake chai ya saa nne, chakula cha mchana na kabrasha. Chakula sina neno. Migebuka ya kukaanga, ugali wa muhogo kwa anaetaka na wa sembe kwa anaetaka, mboga ya mawese, wamama wa jikoni walijua wanachofanya. Kabrasha sasa, aisee. Fotokopi ya fotokopi, kurasa za katikati zimefifia mpaka unainua karatasi dirishani ndo uone herufi, na hizo ndo kurasa za historia ambazo mimi nilizihitaji kuliko zote. Ijumaa walisema saa kumi tukaanza jua linazama, maiki inakoroma, projekta ikagoma mwalimu akafundisha kwa mdomo mtupu, hapo nampa sifa maana hakuyumba.

Sasa somo lenyewe. Wengi wetu tumelelewa na picha moja, kwamba ukiokoka roho yako ina tiketi, ukifa mwili unabaki makaburini kuoza na roho inapaa juu kwenye mawingu na hiyo ndo imeisha, dunia hii ni stendi tu tunasubiri gari. Nyimbo za misibani ndo zinasema hivyo na mahubiri ya kuita watu mbele ndo hivyohivyo, ukifa usiku wa leo utaenda wapi. Mwalimu hakuanza kwa kubishana na mtu. Alituambia tufungue Ufunuo 21 tusome kwa sauti wote, alafu akauliza, huo mji unaelekea wapi, juu au chini? Ukumbi ukanyamaza. Yerusalemu mpya ukishuka kutoka mbinguni kwa Mungu. Mstari wa 3, maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu. Yaani Biblia inafika mwisho na watu hawajapaa kwenda popote, Mungu ndie anahamia kwao. Kuna mzee mmoja nyuma yangu, nadhani mzee wa kanisa, akasema "mmh" moja ndefu sana.

Akaunganisha na mengine ambayo tunayasema kila siku bila kuyasikia. Heri wenye upole maana hao watairithi nchi, Mathayo 5:5, imeandikwa nchi. Sala ya Bwana, ufalme wako uje, hapa duniani kama huko mbinguni, tunaomba uje, hatuombi tuondolewe. Warumi 8, viumbe vyote vinaugua vikingoja kuwekwa huru. Isaya 65 mbingu mpya na nchi mpya, watu wanajenga nyumba na kukaa humo, wanapanda mizabibu na kula matunda yake. Na 1 Wakorintho 15 nzima Paulo anagombana na watu waliosema hakuna ufufuo, na jibu lake halikuwa msijali roho zitaishi, anasema mwili utafufuka, unapandwa katika uharibifu unafufuliwa katika kutokuharibika. Yesu mwenyewe alipofufuka wanafunzi wakadhani wanaona roho, akawauliza mna chakula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa akala mbele yao. Luka 24. Hiyo nimeisoma miaka yote na sijawahi kusikia ikihubiriwa siku ya msiba.

Kilichonifanya niseme hela imeenda kihalali lakini ni kipindi cha maswali cha jumamosi asubuhi. Akasimama kaka mmoja mvuvi wa Kibirizi, akasema mwalimu umetusomesha mbingu mpya na nchi mpya vizuri ila umeruka kipande, mstari wa kwanza unamalizia "wala hapana bahari tena", sasa sisi wa ziwani tunaenda wapi, tutakuwa tunalima? Watu wakacheka sana, ila yule kaka hakuwa anatania na mwalimu akaona. Akamjibu kwa utaratibu, kwamba kwenye maandiko ya Wayahudi bahari ni mahali pa vurugu na hatari, na hukohuko kwenye Ufunuo 13 mnyama anatokea baharini, kwahiyo Yohana anasema tishio limekwisha, hasemi maji yamekauka, maana sura ya 22 kuna mto wa maji ya uzima na mti ambao majani yake ni ya kuwaponya mataifa. Alafu akamwambia fungua Ezekieli 47. Kaka akasoma mwenyewe, mto unatoka hekaluni unashuka mpaka kwenye bahari ya chumvi ambayo haina kitu kinachoishi, maji yanaponywa, samaki wanakuwa wengi sana wa kila namna, na wavuvi wanasimama kando, na pwani inakuwa ni mahali pa kutandazia nyavu. Yule kaka alirudia "pa kutandazia nyavu" akakaa chini. Mstari wa 11 unasema sehemu za matope zitaachwa ziwe za chumvi, mama mmoja wa Uvinza, kule wanakochimba chumvi, akapiga kelele "na sisi tumo!" ukumbi ukavunjika mbavu. Hata kama nabii alikuwa anaongelea Bahari ya Chumvi ya kule kwao na sio Uvinza, nilielewa raha yake.

Na huyohuyo mvuvi ndo akaleta hoja ambayo mimi naona ilikuwa kilele. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, mliokuwepo mnakumbuka hali ilivyokuwa mtaani na bei ya dagaa. Akasema kwenye kanisa lake kuna watu walisema wazi, kulinda ziwa kwa ajili gani wakati Bwana anarudi na hii dunia inaenda kuchomwa? Sasa hapo ndo unaona kwamba hili somo sio la wasomi wa theolojia kubishana. Ukiamini dunia ni takataka inayosubiri kiberiti, hutajali nyavu za macho madogo wala mtu anaekata msitu. Ukiamini Mungu aliemweka mtu bustanini ailime na kuitunza bado hajabadili mawazo, na kwamba moto wa 2 Petro 3 ni wa kusafisha kwasababu sura hiyohiyo inaendelea kusema tunatazamia nchi mpya ambayo haki yakaa ndani yake, basi hata kupumzisha ziwa kunaingia kwenye ibada. Paulo anamaliza 1 Wakorintho 15 kwa kusema taabu yenu siyo bure katika Bwana. Mwalimu alisema angekuwa anaamini tunakimbia tu basi angemalizia kwa kusema fungasheni mizigo. Nilipenda hiyo.

Kuhusu lengo la wokovu alikuwa mzuri pia ila haraka. Kwamba kusamehewa ni mlango na watu wamejenga nyumba mlangoni. Waefeso 2 tunaokolewa kwa neema mstari wa 8 wote tunaujua kwa kichwa, mstari wa 10 tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema nani anaujua. 2 Petro 1:4 tupate kuwa washirika wa tabia ya Uungu, na akamtaja Athanasio wa Aleksandria, askofu wa karne ya 4, aliefundisha kwamba Mungu alifanyika mtu ili mtu afanywe mshiriki wa Mungu, na Waorthodoksi mpaka leo wanauona wokovu hivyo, kufanana na Mungu polepole. Hii ilihitaji saa zima tukapewa dakika chache kwasababu ya ule muda uliopotea ijumaa.

Malalamiko yangu makubwa ni kwenye historia. Kila kibaya alimsukumia Plato, mwanafalsafa wa zamani, kwamba Mgiriki huyo ndie alieleta wazo la roho iliyofungwa ndani ya mwili kama jela, na kanisa likalibeba. Kuna ukweli, lakini sio rahisi hivyo. Askofu Irenayo wa Lyon karibu mwaka 180 alishapigana na waliodharau mwili, na kanisa halikumwacha, lilimfanya mtakatifu. Mzee mmoja katekista akasimama kwa adabu akasema mwalimu naomba nikurekebishe kidogo, sisi kila jumapili tunakiri ufufuko, na Papa Benedikto wa 12 mwaka 1336 alitamka kwamba roho za waliotakaswa zinamwona Mungu hata kabla ya ufufuo, na ufufuo wa mwili nao upo palepale, kwahiyo tuna vyote viwili. Mwalimu akakubali nusunusu. Mimi naona mzee alikuwa sahihi, tatizo halipo kwenye mafundisho ya kanisa yaliyoandikwa, lipo kwenye mimbari na kwenye nyimbo, sehemu ya kwanza inaimbwa ya pili inasahaulika.

Pia mwalimu aliongea kana kwamba haya kayavumbua yeye. Mengi yapo kwenye vitabu vya N. T. Wright, Mwanglikana wa Uingereza aliekuwa askofu wa Durham mpaka 2010, na kwenye kabrasha (kurasa zinazosomeka) jina lake silioni. Sio dhambi kufundisha kazi ya mtu, mtaje tu.

Kwenye unyakuo kulichafuka kidogo. 1 Wathesalonike 4, tutanyakuliwa katika mawingu tumlaki Bwana hewani. Mwalimu akasema kumlaki mgeni ni kama tunavyoenda stesheni kumpokea mkubwa, huendi ukapanda nae treni mkaondoka, unampokea mnarudi nae nyumbani, na Matendo 28 ndugu wa Rumi walitoka mpaka Soko la Apio kumlaki Paulo alafu wote wakaingia mjini. Akaongeza kwamba mafundisho ya kunyakuliwa kwa siri kabla ya dhiki yalienezwa na mhubiri John Nelson Darby miaka ya 1830, sio ya mitume. Vijana wa kilokole waliokaa mbele hawakufurahi na wawili walitoka. Alisema kweli ila alisema kama anakomoa, angeweza kulainisha.

Na sasa lile lililoniuma. Mama mmoja mjane, kafiwa hata matanga hayajapoa, akauliza swali fupi, mume wangu sasa hivi yuko wapi? Mwalimu akatoa mhadhara. Hali ya katikati, yaani kati ya kufa na kufufuka, wakati na umilele, ufufuo wa mwisho, dakika kama kumi, na mama anamwangalia tu. Jibu lilikuwepo kwenye Biblia yake mwenyewe, Wafilipi 1:23 Paulo anatamani kwenda akakae na Kristo maana ni vizuri zaidi sana, na Luka 23 yule mhalifu msalabani aliahidiwa leo hivi. Mke wa mchungaji mmoja ndie aliemalizia, akamwendea akakaa nae akamwambia mama, yuko na Bwana na Bwana hajamaliza nae, atamwamsha na utamshika mkono. Sentensi moja. Ukitaka kuwaondolea watu picha yao ya mbinguni, uwe na cha kuwapa siku wanapokuja wamevaa nguo za msiba, na hapa mwalimu hakujiandaa.

Wasabato ndo waliofaidi kidogo kuliko wote na sio kosa lao. Nani anapanga semina ya dini jumamosi kwenye mkoa uliojaa Wasabato kama huu? Walifika saa nane wametoka ibadani na tai zao, wakati kipindi cha hali ya wafu kimeshapita asubuhi, na wao ndo wenye la kusema hapo maana wanaamini wafu wamelala mpaka ufufuo. Ikabidi mjadala urudiwe kwa kukimbizwa huku wamama wanakusanya sahani. Wakipanga tena waweke jumapili kuanzia mchana, makanisa yote yanakuwa yametoka, na zile kurasa za katikati wazichape upya, kwenye kundi la Whatsapp walisema watatuma nakala safi na mpaka naandika hapa naona salamu za asubuhi tu.