Kusindikiza watoto wa shule zuu ya Entebbe: uzoefu wangu kama mzazi

Nimesindikiza darasa la P.4 (la nne la msingi) la binti yangu kwenda Kituo cha Elimu ya Uhifadhi wa Wanyamapori pale Entebbe, ambacho wengi wetu bado tunakiita zuu. Kituo chenyewe nakipa alama zote: pelekeni watoto. Ninalotaka kulizungumza kwa kirefu ni muda. Mtoto anahitaji kukaa mbele ya mnyama mmoja kwa muda mrefu kuliko ratiba nyingi za shule zinavyoruhusu, na mzazi anayesindikiza ndiye mtu wa kumtetea kwa hilo.

Sisi tunatoka Bombo, kaskazini mwa Kampala, kwa hiyo safari ilianza mara baada ya swala ya alfajiri ili tuiwahi foleni ya magari ya Kawempe, mlango wa kuingilia jijini. Kutoka hapo unashika baipasi ya kaskazini mpaka Busega, halafu ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2018 inakufikisha Entebbe bila kusumbuka. Tatizo lilikuwa basi lililokodiwa. Watoto walipangwa watatu watatu kwenye viti vya watu wawili, na kondakta akasema ndivyo shule zote zinavyosafiri. Wazazi tulikataa. Basi halikuondoka mpaka ikaletwa taksi ya abiria 14 kupunguza msongamano. Mzazi mwenzangu, ukikuta hali kama hiyo, usione haya kusema, hata kama walimu wanatazama saa. Beba pia kavera (mifuko ya plastiki) za kutosha, maana watoto hutapika njiani, na kalamu ya wino ya kuandika namba ya simu ya mwalimu kwenye mkono wa kila mtoto.

Nilikabidhiwa watoto wanane. Idadi hiyo unaiweza: unawaona wote bila kugeuka geuka, na kila mmoja anapata nafasi ya kuuliza swali. Mwenzangu mmoja alipewa kumi na watano, na kazi yake ikawa kuwahesabu tu mpaka jioni.

Tulipewa kijana wa kutuongoza, na watoto wakamwita anko papo hapo. Nilimwomba achanganye na Kiswahili, kwa sababu watoto wa kwetu, hasa wa kambi ya jeshi, ndiyo lugha wanayochezea. Akakubali bila shida, na maswali yakaanza kumiminika. Aliwaeleza kwamba mahali pale palianza 1952 kama makao ya wanyama yatima na waliojeruhiwa, na kwamba tangu 1994 kazi kubwa imekuwa kufundisha. Wengi wa wanyama wanaotunzwa pale waliokolewa mikononi mwa watu. Tulipofika kwa kasuku wa kijivu, mtoto mmoja akasema jirani yao anaye mmoja ndani ya tundu. Anko hakumgombeza. Alimweleza jinsi kasuku hao wanavyonaswa msituni na kusafirishwa wakiwa wamebanwa kwenye masanduku, na wengi wanafia njiani. Mtoto yule alinyamaza, na baadaye nikamsikia akimsimulia mwenzake habari yote tangu mwanzo.

Kwa vifaru ndipo nilipofurahi zaidi. Swali la kwanza lilikuwa lile lile ambalo hata mimi nimekuwa nikijiuliza: mbona anaitwa kifaru mweupe na rangi yake ni ya majivu? Anko akawaambia waache rangi, watazame mdomo, maana huo ndio unaomtofautisha na kifaru mweusi. Wakatazama. Mdomo mpana, bapa, umelala juu ya nyasi, unakata kuelekea mbele bila kuinuka. Yule mweusi, akasema, ana mdomo uliochongoka wa kuvutia majani ya vichaka. Kisha akawaambia kwamba Uganda ilimaliza vifaru wake wote wa porini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ujangili, na kwamba hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa, kule Nakasongola kwenye barabara ya Gulu, ilianza kuwarudisha 2005. Watoto wangu hao wanaopita barabara ya Gulu kila wakienda kwa bibi zao wakashtuka. Kumbe wanapita jirani na vifaru kila likizo!

Halafu korongo nyangumi. Huyu ndege msimpite. Ana kimo cha mtoto wa chekechea, mdomo mkubwa wenye ncha iliyopinda, na anaposimama hatikisiki kabisa. Mmoja wa wanane wangu alinivuta nguo akaniuliza, "Mama Zubeda, amekufa?" Nikamwambia atazame jicho. Tukasubiri. Makundi mengine yalifika, yakapiga picha, yakaondoka, sisi bado tupo. Mwishowe akainamisha kichwa chini, akakitikisa polepole, akagonganisha mdomo wake: ta-ta-ta-ta-ta! Wote wanane wakaruka kwa furaha. Anko akaeleza kwamba kule kusubiri bila kutikisika ndiko kuwinda kwake, anamvizia kamongo apande juu kuvuta hewa. Akaongeza kwamba wavuvi wa bwawa la Mabamba, ng'ambo tu ya Entebbe, zamani walimuua wakiamini analeta nuksi ya kukosa samaki, na siku hizi wageni wanalipa kupelekwa kwa mtumbwi wakamwone.

Wakati ule ule mwalimu alikuja kutuharakisha. Ratiba ya shule ilikuwa na zuu, uwanja wa ndege na ufukweni, vyote kwa siku moja. Nilimwambia kwa adabu kwamba watoto ndiyo kwanza wameanza kuona. Wazazi wawili wakaniunga mkono, na uwanja wa ndege ukaachwa. Sioni walichokosa, ndege za abiria wataziona angani. Kwa saa tuliyoipata walikaa kwa sokwe, wakagundua wenyewe kwamba maji yanayozunguka kisiwa ndiyo ukuta, kwa sababu sokwe hawajui kuogelea. Simba tulimkuta amelala, basi.

Chakula cha mchana mle pamoja, mkiwa mmewazunguka watoto. Tumbili wanatembea huru pale na wana macho makali. Mmoja alimpokonya mtoto chapati mkononi akapanda nayo mtini kabla hatujageuka. Hakuna aliyeumia, lakini mtoto alilia sana, tukamgawia ya kwetu. Waambieni watoto mapema wasimlishe tumbili na wasing'ang'anie chakula akishakishika.

Kwa ufukweni niliweka sharti moja: hakuna kuingia majini. Ziwa letu la Victoria lina kichocho, na vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa kando kando, pale pale penye maji machache ambapo watoto hupenda kuchezea miguu. Kuna waliosema nawanyima raha. Wacha waseme, mtoto wa watu nimekabidhiwa mzima. Walicheza mpira mchangani mpaka wakachoka.

Kuhusu pesa, shule hutozwa bei ya wanafunzi, lakini uliza mapema nani anamlipia mzazi, maana kwetu wengine waliambiwa getini. Viatu viwe vya kutembelea, na kofia, kwani kwenda na kurudi ndani mle ni mwendo.

Muhula ujao wanataka kuwapeleka Jinja, kwenye chanzo cha Nile. Nimeshaandikisha jina langu, na nimemwomba mwalimu mkuu mambo matatu: watoto wasizidi wanane kwa kila mzazi, siku iwe ya sehemu moja tu, na kila mtoto avalishwe jaketi la kuokolea kabla hajakanyaga mashua.