Kuelekeza njia kwa Kiingereza: ramani ubaoni au majivu uwanjani?

Darasa la nne nimelifundisha somo hili kwa njia zote mbili.

Ramani ubaoni ni rahisi kuandaa: barabara mbili, msikiti, duka na zahanati tu. "Opposite", "between" na "next to" zinaeleweka haraka, kwa kuwa mtoto anaviona vyote kwa mpigo. Shida ni "turn left". Njia ikishuka kuelekea chini ya ubao, kushoto kwa msafiri kunakuwa kulia kwa anayetazama. Nusu ya darasa inakosea, na wala si Kiingereza kilichowashinda.

Uwanjani nachora njia kwa majivu. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, mwenzake anamwongoza: "Go straight. Stop. Turn right." Akikosea, rafiki yake anakumbatia mwembe, na darasa zima linacheka. Huko ndiko nilikomsikia mtoto akipaza sauti, "Cut right!" Alikuwa na "kata kulia" kichwani. Ubaoni nisingeligundua kosa hilo, maana pale wanarudia tu ninachosema mimi.

Ila mwalimu usionyeshe mkono ukiwa umewaelekea; kulia kwako ni kushoto kwao. Wape mgongo kwanza.

Kelele zipo, na mwalimu wa darasa jirani atalalamika. Hata hivyo mimi naanza uwanjani, siku ya pili ndipo ramani, na watoto huigeuzageuza daftari mpaka njia ielekee mbele yao.