Vintage Violence ya John Cale: makelele yamekwenda wapi?

Jina la albamu hii lina neno "violence" (ukatili), na jaladani kuna uso uliofichwa nyuma ya kinyago. Mtu hujiandaa kuchanwa masikio. Kumbe zinazomlaki ni nyimbo fupifupi zenye beti na viitikio, nyingi za dakika mbili hadi nne.

Mshangao una sababu. Cale, Mwelshi aliyesomea muziki London, alikuwa New York na mtunzi La Monte Young, ambaye kwake noti moja ilivutwa mpaka msikilizaji apoteze hesabu ya muda. Kisha ndani ya bendi ya roki The Velvet Underground akafunga nyuzi za gitaa kwenye viola (ala ya upinde, kubwa kidogo kuliko fidla) na kulisawazisha daraja lake, kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, upinde uweze kusugua nyuzi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Alitoka kwenye bendi hiyo mwaka 1968. Mwaka 1970 kampuni ya rekodi ya Columbia ikatoa albamu hii.

Prodyuza mwenzake ni Lewis Merenstein, yuleyule wa albamu Astral Weeks ya Van Morrison, na wapigaji ni Grinder's Switch, kundi la mwimbaji Garland Jeffreys. Wanapiga roki iliyochovywa kwenye kantri: ngoma zimetulia, gitaa halipandishi mabega. Ukiisikiliza ukiwinda viola utaambulia patupu, tena utaikosa kazi yenyewe.

Anza na "Big White Cloud". Hapo ndipo elimu ya Cale inapojitokeza: vinanda vya nyuzi vinajaa polepole nyuma ya sauti, na wimbo unapanda bila mtu yeyote kupiga kelele. Baada yake nenda "Amsterdam", ulio kinyume kabisa, karibu uchi. "Charlemagne" ndio mrefu kuliko zote na unataka subira. Majina ya watu na mahali yanarushwa bila kisa kinachoyaunganisha, kwa hiyo usihangaike kuyafumbua, fuata mdundo. "Ghost Story" una kivuli kidogo cha yule Cale wa zamani.

Kasoro ipo kwenye uimbaji. Sauti ni nzuri, nzito, lakini bado ina haya, na mara nyingine bendi inaimeza. "Bring It On Up" ungeweza kuimbwa na yeyote. Ni kantri ya kuchezeacheza, na ndio wa kwanza kurukwa. Wa kufunga, "Fairweather Friend", ni utunzi wa Jeffreys, na unasikika hivyo: mchangamfu, umenyooka, hauna fumbo.

Kuhusu matoleo: lile la mwaka 2001 limeongezewa nyimbo mbili. Mmoja ni "Fairweather Friend" uleule uliopigwa kwa namna nyingine. Wa pili, "Wall", ni viola ikikoroma mwanzo hadi mwisho, ile hasa ambayo mashabiki wa zamani waliitafuta. Zisikilize siku nyingine. Ukiacha diski itiririke yenyewe, itaharibu utulivu wote uliojengwa, kwa hiyo kidole kiwe tayari kwenye kitufe wimbo wa 11 unapokwisha.