Shati la drafti: la dukani 58,000, la mtumba 7,000. Lipi ndiyo granji?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo nina mashati mawili mezani, yote drafti nyekundu na nyeusi. Hili la kushoto nimenunua dukani, jipya, lebo yake imeandikwa kabisa "grunge", yaani granji, ule mtindo wa mavazi uliotoka na muziki wa roki wa Seattle, Marekani. Shilingi 58,000. Hili la kulia nimelichomoa mtumbani pale Karume kwa 7,000, na jamaa alianzia kumi. Nimeyavaa mwezi mzima, nimeyafua na kuyaanika juani yote mawili.

Ngoja nisogeze kamera. Nageuza la dukani, ndani nje. Mnaona? Nje drafti, ndani jeupe pee. Kitambaa kilifumwa cheupe, drafti ikachapwa juu kwa upande mmoja. Sasa hili la mtumba: drafti ni ileile pande zote, kwa sababu nyuzi zenyewe zilitiwa rangi kabla ya kufumwa. Tazama na mfuko wa kifuani. Mistari yake imekutana na ya shati, mpaka huuoni mfuko ulipo. Kwenye la dukani mfuko umekaa kama kiraka.

Kwa nini nahangaika na ndani ya shati? Kwa sababu vijana wa Seattle na miji kama Aberdeen, alikozaliwa Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, hawakukaa chini kubuni mtindo. Kule ni mvua na baridi, wakata magogo wanavaa flaneli, kitambaa laini cha kuzuia baridi, miaka nenda miaka rudi, na kwenye maduka ya nguo kuukuu shati lilikuwa bei ya kutupa. Ni mtumba tu, ila wao mtumba wao ulikuwa haujapanda meli.

Septemba 1991 Nirvana wakatoa albamu ya Nevermind, na kila mtu akataka kuvaa kama wao. Novemba 1992 Marc Jacobs, wakati huo mbunifu wa kampuni ya mavazi ya Perry Ellis, akapandisha granji jukwaani New York. Alichukua shati la flaneli la bei chee, akaagiza Italia drafti yake ichapwe kwenye hariri. Hariri, jamani! Wakosoaji wakamrarua, na kazi ikaota nyasi. Lakini 2018 alizitoa upya nguo za mkusanyiko uleule, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo hili la kushoto ni mjukuu wa lile, tofauti ni kwamba babu yake angalau alikuwa hariri.

Na ile kardigani ya Cobain, yaani sweta la vifungo, aliyoivaa 1993 kwenye onyesho la MTV Unplugged? Mwaka 2019 iliuzwa mnadani dola 334,000. Haijafuliwa, ina tundu la sigara, kifungo kimoja hakipo. Mama yangu angedekia.

Turudi mezani. La dukani limechuja fua ya kwanza, likaharibu na fulana yangu nyeupe. Fua ya tatu, viwiko vimeanza kupauka. La mtumba halijabadilika, ila kasoro linazo: mikono mirefu, limeundwa kwa jitu la miraba minne, na kifungo cha chini kimebadilishwa, hakifanani na wenzake. Mimi kifungo hicho ndicho kilichonifanya nilipende.

Joto? Flaneli mchana wa Dar mwezi wa kwanza ni adhabu, nisiwadanganye. Navaa jioni, bila kufunga vifungo, juu ya fulana. Kukiwa na jua nalifunga kiunoni, kama walivyofanya wenyewe. Ila kwenye basi la usiku kwenda Mbeya, wee, lilikuwa blanketi.

Mkienda Karume wahini asubuhi belo zikifunguliwa, na kabla hujauliza bei pindua pindo uone ndani. Hili la kushoto nilimpa mdogo wangu. Amelivaa mara moja, akanirudishia likiwa limekunjwa vizuri kabisa.