Uzoefu wangu na feloshipu ya afya ya jamii: wagonjwa walioumwa kabla ya kula

Nimeahirisha kuandika haya kwa muda mrefu, kwa sababu kila nikianza naandika matusi, nafuta. Leo sijafuta sana.

Ni moja ya zile programu za kukuza taaluma kwa wanafunzi wanaotaka kuingia kwenye afya ya jamii. Wenyewe wanaiita feloshipu. Masharti, muda, posho, yote yako kwenye tangazo lao, kasomeni. Jina la waandaaji silitaji. Aliyepita pale atawajua kabla hajafika katikati.

Nianze na siku ile, maana nikisema naanza na mazuri nitakuwa najidanganya.

Zilikuwa wiki za mwanzo, semina ya uchunguzi wa milipuko ya magonjwa. Asubuhi yote mwezeshaji alituonyesha slaidi za John Snow, daktari Mwingereza aliyefuatilia chanzo cha kipindupindu. Mnazijua: London, 1854, kipindupindu, ramani ya waliokufa, na pampu ya maji ya Broad Street waliyokuwa wanachotea. Alisimulia vizuri, sina budi kukiri, ana sauti ya mtangazaji wa redio. Akasisitiza kwamba wakubwa wa enzi zile waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu, Snow akakataa, akaenda kuhesabu. Kisha akaingia kwa daktari Semmelweis wa Vienna, 1847, aliyewataka madaktari wanawe mikono kabla ya kuwashika wanawake wanaojifungua, wakamwona msumbufu. "Afya ya jamii," mwezeshaji akasema, "inamtaka mtu asiyeogopa kumuuliza mkubwa wake." Nikayaandika maneno hayo. Yapo kwenye daftari langu hadi leo, nimeyapigia mstari mara mbili kama mjinga.

Mchana tukapewa zoezi la Oswego. Kwa wasiolijua: tarehe 18 Aprili 1940, kule kaunti ya Oswego, jimbo la New York, watu walikula pamoja chakula cha jioni cha kanisa, na usiku uleule wakaanza kutapika na kuharisha. Waliohojiwa walikuwa 75, walioumwa 46. Limekuwa zoezi la kufundishia tangu zamani, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wana toleo lao, na ni zoezi zuri kweli. Unahesabu kila chakula: waliokula wangapi, wakaumwa wangapi, wasiokula wangapi, wakaumwa wangapi. Aiskrimu ya vanila ndiyo inayojitokeza. Walioila 54, wakaumwa 43. Wasioila 21, wakaumwa 3. Hao watatu nawapenda kuliko wote, kwa sababu wanakulazimisha kufikiri: walisahau walichokula? Walionja kwa mwenzao? Au waliumwa kitu kingine kabisa? Ningeweza kukaa na wale watatu wiki nzima.

Lakini sisi hatukupewa toleo la CDC. Tulipewa faili la Excel ambalo mtu wa pale pale ofisini alilichapa upya. Na kwenye kuchapa huko, ili jedwali litoshe ukurasa mmoja, aliondoa safu iliyosema AM au PM, yaani kabla au baada ya saa sita mchana.

Sasa tazameni kilichotokea. Aliyeanza kuumwa saa nne na nusu usiku wa tarehe 18 akasomeka ameumwa saa nne na nusu asubuhi ya tarehe 18. Chakula kilianza kupakuliwa saa kumi na mbili jioni. Yaani huyu bwana alitapika aiskrimu ambayo hajaiona. Aliyeumwa saa sita na nusu usiku akaruka hadi saa sita na nusu mchana wa siku ya pili. Wa saa saba na saa nane usiku walisalimika kwa bahati tu, maana Excel isipoambiwa lolote huichukua 1:00 kuwa ya usiku.

Ukichora mlipuko huo kwa saa, badala ya mlima mmoja unapata nundu tatu. Nundu moja kabla ya watu kula, moja mahali pake, moja mchana wa kesho yake. Mnyama wa namna hiyo hata jangwani hayupo.

Na mwezeshaji akatufafanulia nundu zile! Ya kwanza, akasema, ni "wagonjwa wa kawaida wa eneo husika," tuiache. Ya tatu ni "wimbi la pili, maambukizi kutoka mtu mmoja kwenda mwingine." Watu wakaandika. Watu arobaini hivi, wote wanaandika wimbi la pili.

Nadhani mtu aliyelelewa kwa Kiswahili analiona kosa lile haraka zaidi. Sisi hatuwezi kutaja saa sita tukanyamaza hapo; lazima useme ya usiku au ya mchana, ama utaulizwa. Macho yangu yalipokutana na "12:30" ikiwa uchi namna ile, kitu cha kwanza kilichonijia ni: ya lini?

Nikanyosha mkono. Nikasema, samahani Dokta, naomba kuuliza, inawezekana hizi saa zimepoteza usiku na mchana wake? Kwa sababu hawa wa hapa juu wanaonekana wameumwa kabla ya kula.

Akanitazama. Akatazama ukumbi. Akatabasamu lile tabasamu la kuomba watu wamsaidie kucheka. "Binti, umekuja kujifunza au kutufundisha?"

Wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Nikakaa. Masikio yalikuwa ya moto hadi nikadhani jirani yangu anayaona.

Kuanzia hapo sikuona kitu kizuri pale. Naomba mlijue hilo mnaposoma yanayofuata. Beji za majina zilikuwa na kamba zinazowasha shingo. Semina ya kuandika wasifu ilikuwa saa tatu nzima za kuambiwa tusitumie rangi. Kila slaidi ya mwisho ilikuwa na picha ya vijana wanaotazama upeo wa macho. Siku ya kukutana na "wadau," tulipanga foleni ya kusalimia watu waliokuwa wanatazama simu zao. Labda yote haya ni ya kawaida na mimi nilikuwa na nongwa tu. Inawezekana. Lakini kamba zilikuwa zinawasha, hilo nalishikilia.

Kinachoniudhi hadi sasa ni kwamba lile swali halikuwa la ujuaji. Lilikuwa ndilo somo lenyewe. Sumu ya stafilokokasi (bakteria wa kwenye ngozi na vidonda) kwenye chakula humwangusha mtu ndani ya nusu saa hadi saa nane hivi. Mtu aliyekula saa moja na nusu usiku akaumwa saa sita na nusu usiku, ni saa tano, sumu ile inaingia akilini. Ukimsogeza hadi saa sita na nusu mchana zinakuwa saa kumi na saba, na hapo unaanza kuwaza salmonela, bakteria wengine wa chakula wanaochelewa kumwangusha mtu, unaagiza vipimo vingine, unawauliza watu maswali mengine, na kama aliyeandaa chakula ana kidonda mkononi, anaendelea kuandaa. Saa kumi na mbili za makosa, kwa sababu mtu alitaka jedwali litoshe ukurasa.

Basi. Kwa siku ile peke yake, nyota moja, na hiyo moja ni ya aiskrimu.

Ila kila mmoja wetu alipangiwa mshauri, na hapa inabidi nipunguze sauti. Wangu alikuwa mama mmoja mwanaepidemiolojia, yaani mtaalamu wa jinsi magonjwa yanavyoenea, mkimya, anayejibu barua pepe kwa maneno machache kama anayalipia. Aliahirisha kikao chetu cha kwanza mara mbili, na mimi tayari nilikuwa nimeshamweka kapu moja na yule mwingine. Nilimwandikia usiku, kwa hasira, barua ndefu ya aibu, nikaambatanisha faili na michoro yangu miwili: wa nundu tatu na niliousahihisha wenye mlima mmoja. Nilitegemea pole, au ukimya.

Alijibu asubuhi: "Uko sahihi. Punguza malalamiko, andika ukurasa mmoja: kosa ni nini, umelijuaje, linabadilisha nini, lirekebishwe vipi. Nataka kesho."

Niliandika kurasa tatu. Akazirudisha. Nikaandika mbili. Akazirudisha, safari hii amekata sentensi zangu zote zenye neno "dharau." Ukurasa mmoja ulipokwisha kutulia, ulikuwa kitu cha kwanza nilichowahi kuandika ambacho mtu mwenye kazi nyingi angeweza kukisoma akiwa amesimama. Sijajifunza hilo darasani kwa miaka yote niliyosoma. Kwa huyo mama peke yake ningewaambia mwombe nafasi hata kama kamba zinawasha. Nyota tatu. Labda tatu na nusu.

Halafu ikaja mafunzo kwa vitendo, na huko nikakaribia kuwasamehe wote.

Nilipelekwa kwenye ofisi inayopokea orodha za wagonjwa wa surua kutoka vituo vya afya. Kazi yenyewe haina picha ya upeo wa macho: unafungua rejista, unalinganisha na kompyuta, unapiga simu kuuliza. Siku kadhaa nikiwa pale, naona safu ya umri ina watoto wengi wa 9, wengi wa 8, na 7, kisha hakuna kitu hadi 2 na 3. Mwenzangu akasema, bila shaka shule imekumbwa, tuandike kuwa tatizo ni la wanafunzi. Mimi masikio yakaanza moto tena. Tisa ya nini?

Mama aliyetunza rejista zile, mtu asiye na slaidi hata moja, alinivuta kiti. "Mwanangu, hapo angalia mwandiko. Huyu wa kituo hiki, mtoto mchanga humwandikia miezi, mkubwa humwandikia miaka. Safu ni moja." Miezi tisa, si miaka tisa. Na kwa surua hilo ni jambo zito, kwa sababu kwenye nchi ambazo ugonjwa huu bado unazunguka sana, dozi ya kwanza ya chanjo hutolewa kwa miezi 9. Watoto wa miaka tisa wakiumwa, unaulizia shule na dozi walizokosa zamani. Wa miezi saba na nane wakiumwa, hao hata zamu yao ya chanjo haijafika. Unaulizia waliowazunguka, unawaza ile dozi ya ziada ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza itolewe kuanzia miezi 6 wakati wa mlipuko. Ni kampeni mbili tofauti kabisa, na zilikuwa zinatofautishwa na neno moja ambalo mtu hakuliandika.

Niliandika ukurasa mmoja. Ulifika kwa mkuu wa ofisi mchana huohuo, safu ikagawanywa mara mbili kabla sijamaliza muda wangu. Nilirudi nyumbani natembea kama nimeshinda uchaguzi.

Na hapo, nikiwa mkweli, likanijia wazo nisilolipenda: kama yule mwezeshaji asingenifanya nichekwe mbele ya watu, je, ningekuwa na jicho lile? Ningeona "9" nikajiuliza ya nini? Nilikaa na swali hilo siku nyingi. Nikawa tayari kuandika nyota nne. Kweli, nne. Nilikuwa nimeshaanza na sentensi ya shukrani.

Kisha ikafika siku ya kufunga. Ukurasa wangu wa Oswego ulikuwa umefika kwa mratibu, mshauri wangu aliupeleka bila kuniambia. Mwezeshaji akanishika bega mbele ya wageni, akasema kwa ile sauti yake ya redio, "Huyu ndiye nilimfundisha kutoamini jedwali lolote." Wageni wakapiga makofi. Mimi nikatabasamu. Nimeitazama picha ile mara nyingi, natabasamu vizuri kabisa, na ndiyo inayonitia uchungu zaidi: nilikuwa na sentensi tayari mdomoni nikaimeza kwa ajili ya cheti.

Cheti chenyewe kina jina langu likiwa limekosewa herufi moja. Niliwaandikia. Bado wanashughulikia.

Kwa hiyo nyota ni mbili. Mkiniuliza kesho baada ya kuongea na mshauri wangu (bado tunaandikiana, bado anakata sentensi zangu), nitasema tatu. Ukibahatika kupata mshauri kama yule, nenda. Usipobahatika utapata kamba ya shingo na orodha ya namba za watu wasiopokea simu. Na hakuna namna ya kujua mapema utapangiwa nani, nimewauliza, wanasema inategemea.

Nilikuwa nimeishia hapo. Ila juzi kuna binti wa kundi lililotufuata amenitafuta, ana swali kuhusu Oswego. Faili lao limesahihishwa, AM na PM zimerudi, na kama nilivyopendekeza kuna safu ya saa kwa mfumo wa saa 24. Nilifurahi, nikanyanyua simu kumwandikia mshauri wangu. Kabla sijamaliza, binti akatuma picha ya karatasi ya majibu. Mchoro una mlima mmoja, safi. Chini yake swali la nne: eleza chanzo cha wimbi la pili.

Anauliza wimbi lenyewe liko wapi, kwa sababu amelitafuta kutwa nzima halioni, na anaogopa kunyosha mkono.