Kombati ilinipasukia msamba gizani, halafu muuzaji akasema kosa ni la magoti yangu

Jana dogo mmoja kaniuliza kama anunue kombati za mtumba za jeshi la Marekani, zile za kijivukijivu zenye mabaka ya vimraba, anataka za kuendea kambi na kuvua samaki. Nikaanza kumjibu kwa meseji nikajikuta nimeandika gazeti zima na hasira imepanda upya, basi bora niimwage hapa mfaidi wote.

Nimezivaa hizo. Sio za kupigia picha, nilikuwa jeshini huko huko, nimezilalia, nimezitolea jasho, kwa hiyo mtu asije kuniambia nilinunua saizi mbaya. Mambo ya idadi ya mifuko na nini sijui mtajisomea wenyewe, mimi nina jambo moja tu, na jambo lenyewe ni msamba.

Ilikuwa miaka ile kabla hawajabadilisha rangi. Suruali moja niliyopewa ilishachoka magotini, nikaona tabu kusubiri, nikaingia duka moja nje ya geti la kambi, wanauza sare, vibandiko vya majina, mabuti, kila kitu. Nikachukua suruali mpya, lebo bado inaning'inia. Haikupita muda tukapelekwa porini mazoezi ya kuvizia usiku. Kama hujawahi kuvizia, kazi yote ni kunyamaza. Unalala chini, unanyamaza, mbu wanakunywa damu yako, unanyamaza. Sajini kapita mstari mzima ananong'ona mtu asiguse mfuko wowote, maana kombati zile kila kitu velkro, zile tepe za kubandika na kubandua, mfuko velkro, kola velkro, jina lako kifuani velkro, cheo velkro, ukitaka biskuti tu ni kraaap, msitu mzima unajua una njaa.

Ikaja ishara ya kuinuka. Nikapiga goti moja chini, mguu mwingine nikautanguliza, bunduki mkononi, begi na maji mgongoni, nikasikia kraaaaaap. Ndefu. Halafu ubaridi ukaingia mahali ambapo ubaridi hauna kazi.

Sajini gizani: "Nani kafungua velkro?"

Nikakausha. Nyuma yangu alikuwepo jamaa mmoja Mswahili mwenzangu, ndiye pekee aliyekaa pa kuona vizuri, akaninong'oneza, "Kaka, hiyo sio velkro, umefungua mlango."

Asubuhi nikaikagua. Kile kitambaa ukikisogeza karibu na jicho kina viboksi vidogovidogo, nyuzi nene zimepita wima na mlalo kama wavu, kazi yake tundu likianza lisikimbie, likifika kwenye uzi mnene linakwama. Na kweli kitambaa kilikuwa kizima! Hata kiboksi kimoja hakijakatika. Kilichoachia ni mshono, pale vipande vinapokutana katikati ya miguu, uzi wa cherehani umefumuka kuanzia chini ya vifungo vya mbele mpaka nyuma karibu na mkanda. Yani watu wamekaa wakabuni kitambaa kisichochanika halafu wakakiunga kwa uzi wa kushonea mfuko wa karanga.

Tulikuwa na siku tatu zaidi porini. Nikaishona mwenyewe kwa uzi wa kusafishia meno, huu wa kawaida wenye nta, mkongwe mmoja alinipa na sindano, akasema kila mtu kwenye begi lake anao na sio kwa ajili ya meno. Nilishona vibaya, mshono unapanda unashuka kama njia ya siafu, lakini ukashika.

Sasa kurudi dukani. Nimeifua kwanza kwa heshima, risiti ninayo. Jamaa wa kaunta hakuigusa, aliiinua kwa kalamu, kwa kalamu jamani, kama panya mfu, akaniuliza ulikuwa unaifanyia nini. Nikamwambia nilipiga goti. Akanijibu, tena bila kucheka, "Hizi kabla ya kupiga goti unaivuta kidogo pale mapajani." Kombati hiyo! Nikamuuliza kwa hiyo adui nimnyooshee mkono asubiri kwanza nijivute suruali? Akasema basi labda umenenepa. Halafu akauona uzi wa meno, akapata pa kushika, nguo iliyorekebishwa na mteja hairudishwi. Yani nilitakiwa nitembee msituni siku tatu nyeti nje ili kulinda risiti. Nimeshafokewa na masajini wa kila aina lakini hakuna aliyenikera kama yule mtu na kalamu yake.

Na kwa vile nimeshakasirika, rangi nayo. Walianza kuigawa kwenye 2005, wazo lao eti rangi moja itoshe jangwani, msituni na mjini. Ikawa haifichi mtu popote, labda ulale juu ya rundo la kokoto. Kwenye miti ya kijani tulikuwa tunaonekana kama mifuko ya saruji iliyosahauliwa na fundi. Mwaka 2010 waliokuwa Afghanistan wakaanza kupewa mabaka mengine ya kahawia na kijani, 2015 ikaanza kuuzwa hii wanayovaa sasa, na mwisho wa Septemba 2019 ya kijivu ikawa basi. Ndio maana imejaa mtumba, dogo. Haikuja kwako kwa bahati.

Ila koti. Hapa naomba niwe mkweli hata kama hasira haitaki. Koti ni zuri. Mifuko ya kifuani imelazwa upande ili mkono uifikie kirahisi, ya mikononi unaifikia hata ukiwa umevaa deraya, na ukilifua unaanika unavaa, hakuna kupiga pasi. Wakongwe waliovaa zile za kijani za zamani walikuwa wanazipiga wanga mpaka suruali inasimama yenyewe, sisi tukaponea hapo. Langu ninalo mpaka leo, velkro ya kola imejaa nywele na majani haishiki tena, lakini lenyewe halijachanika popote.

Kwa kambi angalia moto tu. Hizi za kawaida ni nusu pamba nusu nailoni, na nailoni ikishika moto inayeyuka, inaganda kwenye ngozi. Waliopelekwa vitani walikuwa na za kitambaa kingine cha kuhimili moto, sio hizi utakazokuta kwenye robota. Na ile lebo ya ndani inayokataza sabuni za kung'arisha, hiyo ni kwa sababu nguo itaonekana kwenye vifaa vya kuonea usiku, wewe usihangaike nayo, samaki hana miwani ya usiku.

Suruali yenyewe niliendelea kuivaa zaidi ya mwaka baada ya pale, na nikiwa na roho nzuri ningesema haikuwa mbaya, imara, inakauka haraka, hata mwiba... hapana. Hapana, nafuta. Ilidumu kwa mshono wangu, kwa uzi wangu wa meno, niliotia mimi nikiwa nimejifunga taulo kiunoni nyuma ya lori. Wao wasinichukulie sifa.

Kwa hiyo dogo, koti chukua. Suruali kama unaitaka sana, ivae pale pale kabla hujalipa, chuchumaa mbele ya muuzaji mpaka chini kabisa, na usiivute mapajani.